Mzee Mgeni Katika Kijiji cha Chitambo

Kaeni karibu. Aliye na taa aiweke mahali ambapo wenziwe pia watauona ukurasa. Somo letu la leo ni la historia, lakini halianzi na mfalme, wala halianzi na vita. Linaanza na kitanda.

Kabla hatujafika kwenye kitanda hicho, fikirini jambo moja dogo. Umetoka asubuhi kwenda shamba, jembe begani. Njiani unamkuta mzee amekaa chini ya mti, fimbo yake imelala pembeni. Humjui. Si wa ukoo wako wala wa kijiji chako, na akisema, maneno yake yana lafudhi ya mbali. Anakuambia miguu imekataa. Wewe una kazi, jua linapanda, na watoto wanangoja nyumbani. Utafanya nini?

Mambo kama haya hutokea kila siku, na kwa kuwa hutokea kila siku, hakuna anayeyaandika. Nani ataandika kwamba Jumanne fulani mtu fulani alimpa mzee maji, akamshika mkono hata sokoni? Ndiyo maana ukifungua vitabu vya historia utakuta wafalme wengi sana, na wazee walioshikwa mkono wachache mno. Lakini mara moja moja, kwa bahati, huandikwa. Siku chache za mwisho wa mwezi wa Aprili 1873 ziliandikwa karibu saa kwa saa, na leo tutazipitia polepole.

(Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya, na wanafunzi wayasome kwa sauti: KITANDA, MSAFARA, MTUMBWI, MWENYEJI, ORODHA.)

Mzee wa habari hii ni David Livingstone. Najua wengi mmelisikia jina hilo. Huenda mmeona picha yake, kofia kichwani na masharubu makubwa, uso ameuinua kama mtu anayetoa amri. Picha hiyo iwekeni kando kwa leo. Huyu tunayemtaka sisi ni mzee mgonjwa asiyeweza kusimama.

Alizaliwa Uskoti mwaka 1813, mtoto wa watu maskini. Alipokuwa na miaka 10 alipelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha nyuzi za pamba, tangu saa 12 asubuhi hata saa 2 usiku, na baada ya hapo alikwenda darasani kusoma. Basi wale mnaosinzia huko nyuma baada ya kazi za mchana, jueni kwamba hamko peke yenu katika historia. Alipokuwa mtu mzima akawa daktari na mmisionari, akafika kusini mwa Afrika mwaka 1841. Safari yake ya mwisho aliianza mwaka 1866. Alitoka Unguja akashuka pwani karibu na mto Ruvuma, kusudi atafute chanzo cha mto Nile. Chanzo hicho hakukipata, kwa sababu alikitafuta mahali pasipo chake. Mto alioufuata miaka mingi, Lualaba, ni maji ya Kongo, wala hauendi Misri hata kidogo. Lakini yeye hakulijua hilo, akaendelea kutembea.

Hata kufika mwaka 1873 alikuwa amezunguka miaka 7. Umri wake ulikuwa miaka 60. Meno mengi yalikuwa yametoka, na chakula kigumu hakikupita. Ndani ya tumbo alikuwa na ugonjwa wa kutoka damu, ambao dawa zake mwenyewe hazikuuweza. Tena fahamuni kwamba wakati ule Wazungu walikuwa hawajagawana Afrika. Katika nchi ile hakuna askari aliyemlinda wala serikali iliyosimama nyuma yake. Mwenyeji yeyote angeweza kumwambia, "Hapa usilale, nenda zako," naye asingekuwa na la kufanya.

Hiyo haikuwa mara ya kwanza kwake kubebwa. Mwezi wa Januari 1869, magharibi ya Ziwa Tanganyika, mapafu yalimshika, akawa anakohoa usiku na mchana na kutema damu. Aliyemwokoa ni mfanya biashara mmoja, jina lake Muhammad Bogharib. Bwana huyu alimpa dawa, akamweka katika machela, akaamuru watu wake wambebe. Jua lilikuwa kali la utosini, na mgonjwa alijifunika uso kwa shada la majani. Hivyo hivyo walikwenda siku baada ya siku hata wakafika ziwani, wakavuka, na tarehe 14 Machi 1869 akaingia Ujiji akiwa hai. Livingstone mwenyewe aliandika wema huo katika daftari yake.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana kuna jambo gumu. Muhammad Bogharib alifanya biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Livingstone aliichukia biashara hiyo kwa moyo wake wote, akaandika juu ya uovu wake hata watu wa Ulaya wakashtuka. Lakini siku alipokuwa anakufa njiani, aliyemnyanyua ni mtu wa biashara ile ile. Msinitake niwafungulie fundo hilo. Watu wale walikuwa hivyo, na mimi nawasimulia walivyokuwa.

Sasa turudi mwaka 1873. Livingstone alikuwa na msafara wa watu wapatao 60. Wengi wao walitumwa kutoka pwani mwaka 1872 na Henry Morton Stanley, yule mwandishi wa magazeti aliyemkuta Ujiji mwaka 1871. Lakini watu 5 walikuwa naye tangu mwanzo wa safari, na kati yao wawili ndio tutakaowasikia zaidi: Susi na Chuma. Susi alikuwa mtu wa Shupanga, penye mto Zambezi, aliyeanza kazi kwa Livingstone mwaka 1863 kama mkata kuni. Chuma alikuwa Myao. Mwaka 1861, naye kijana mdogo, alikuwa katika mnyororo wa watumwa, na Livingstone na wenzake wakaukata mnyororo ule. Tena walikuwako wanawake katika msafara, kama Halima mpishi, ambaye Livingstone alimsifu sana kwa upishi wake, na Ntaoeka mke wa Chuma. Waandishi wamewataja wanawake hawa mara chache mno, ingawa chakula cha mgonjwa, nadhani mnajua wenyewe, hakijipiki.

Mvua za mwaka huo zilikuwa nyingi. Nchi ya kusini na mashariki ya Ziwa Bangweulu, ambayo leo ni Zambia, ilikuwa maji matupu. Mwezi wa Januari walimvusha mito kwa mabega. Katika mto mmoja maji yalimfikia Susi mdomoni, naye mzee yuko juu ya mabega yake, ameloa miguu na makalio, na mtu mwingine nyuma ameishika bastola yake juu isiingie maji. Kila mmoja alipochoka mwingine alipokea. Chini ya maji kulikuwa na mashimo ya nyayo za tembo, na mbebaji akitumbukia humo ilibidi watu wawili wamwinue pamoja na mzigo wake. Na mzigo wenyewe ni mtu mwenye maumivu, si furushi la nguo ambalo likidondoka unaliokota tu.

Tarehe 21 Aprili mzee alijaribu kupanda punda. Hakwenda mbali, akaanguka. Chuma alitupa chini bunduki na mkanda wake, akapiga mbio kuwazuia waliotangulia. Kisha akarudi. Mzee akamwambia kwamba damu imemtoka nyingi, miguu haina nguvu tena, sharti abebwe. Chuma akainama, mzee akapanda mabegani akishika kichwa cha kijana asianguke, wakarudi katika kibanda walichotoka asubuhi ile.

Ndipo kikatengenezwa kitanda. Sikilizeni kilivyofanywa, maana huenda siku moja mkakihitaji. Walikata miti miwili mirefu ya futi 7 hivi, wakaweka fito za futi 3 kukatiza kati yake, wakafunga sana kwa kamba. Juu wakatandika majani, na juu ya majani blanketi. Kitanda kikatundikwa katika mti mmoja mrefu, watu wawili wenye nguvu wakauchukua begani, mmoja mbele na mmoja nyuma. Blanketi la pili likatupwa juu ya mti ule liwe kivuli. Livingstone alipoandika habari za kubebwa kwake tangu zamani, hakutumia neno la Kiingereza. Aliandika "kitanda", kama sisi.

Siku nyingine mwendo ulikuwa wa saa moja na nusu tu, au saa moja. Kila walipokanyaga vibaya aliumia. Aliwaomba wamtue chini, wakamtua. Baadaye wakamwinua tena. Tarehe 27 Aprili aliandika maneno yake ya mwisho katika daftari. Ni machache sana: kwamba amechoka kabisa, kwamba wamekaa mahali pamoja ili apate nafuu, na kwamba wametumwa watu kununua mbuzi wa maziwa.

Mbuzi wale hawakupatikana. Watu walikwenda huku na huku wakauliza kila mahali, lakini Wangoni, ambao watu wa misafara waliwaita Mazitu, walikuwa wamepita nchi ile na kuchukua mifugo. Hebu fikirini hali ya wenyeji wale. Wamenyang'anywa mbuzi, na chakula ni kidogo, na sasa umewafikia msafara wa watu wengi wenye njaa, na katikati yake mzee mgonjwa wa rangi ngeni. Pamoja na hayo, jumbe mmoja wa hapo, Kalunganjovu, alimletea mwana mbuzi na karanga. Tena alisema atafuatana na msafara mwenyewe mpaka kivukoni, kusudi ahakikishe kwamba rafiki yake anapewa mitumbwi.

Asubuhi ya tarehe 29 Aprili mzee alikuwa hawezi hata kufika mlangoni. Na mlango wa kibanda ulikuwa mwembamba, kitanda hakiingii. Basi wakafanya nini? Wakabomoa ukuta. Wakaingiza kitanda mpaka penye malalo yake, wakamhamisha, wakatoka naye. Mimi nimesoma habari nyingi za mashujaa waliobomoa kuta za miji kwa mizinga. Ukuta huu wa kibanda kimoja unanipendeza zaidi.

Kivukoni kulikuwa na shida nyingine. Mitumbwi ilikuwa myembamba mno kwa kitanda. Ikawa lazima mgonjwa ahamishwe na kulazwa ndani ya mtumbwi. Walipopitisha mkono chini ya mgongo wake hakuweza kuvumilia maumivu. Akamwita Chuma kwa ishara, akamwambia kwa sauti ndogo ainame sana, ili yeye aifunge mikono yake nyuma ya kichwa cha Chuma; akamwonyesha namna ya kumwinua bila kugusa kiuno. Hivyo ndivyo alivyolazwa mtumbwini. Wale kati yenu waliowahi kumwinua mama au baba aliyelala kitandani miezi mingi wanajua kwamba jambo hili lina ufundi wake, na kwamba mwalimu wa ufundi huo ni mgonjwa mwenyewe. Unamuuliza, "Nikushike wapi?" Kisha unafanya anavyosema.

Susi alitangulia mbio mpaka kijiji cha jumbe Chitambo ili nyumba ijengwe. Wakati ule wenyeji wengi hawakuwa kijijini. Walikuwa mashambani wakilinda mazao, wanalala katika vibanda vya muda, na nyumba nyingi zilikuwa tupu. Msafara ulipofika mvua nyembamba ilikuwa inanyesha, na nyumba haijawa tayari. Wakamweka mzee chini ya upenu wa nyumba moja akingojea. Watu wachache waliokuwako walikuja, wakasimama wameegemea pinde zao, wakamtazama kimya. Walikuwa wamesikia habari zake.

Nyumba ikaisha. Malalo yake yaliinuliwa kutoka chini kwa miti na majani, kwa sababu ya unyevu. Sanduku moja likawekwa kando liwe meza ya dawa. Moto ukawashwa nje, mkabala na mlango, na kijana mmoja aitwaye Majwara akapewa kazi ya kulala ndani, kusudi mzee akiita asikike.

Kesho yake, tarehe 30, Chitambo alikuja mapema kumwamkia mgeni, kama mwenyeji mwenye adabu afanyavyo. Mgeni hakuwa na nguvu za kuongea. Akamwomba aje siku ya pili, huenda atapata nafuu. Chitambo hakuchukizwa, akaenda zake. Alasiri mzee alimwita Susi amletee saa yake, akamwonyesha namna ya kuishika katika kiganja, naye mwenyewe akageuza ufunguo polepole hata ikajaa. Saa ilipaswa kujazwa kila siku, naye hakutaka isimame.

Usiku, yapata saa 5, kelele zilisikika mbali. Mzee akauliza kama ni watu wake. Susi akajibu kwamba sivyo, wenyeji wanafukuza nyati katika mashamba ya mtama. Baada ya kitambo akauliza kama hapo ni Luapula. Akaambiwa ni kwa Chitambo. Kisha akauliza, na swali hili aliliuliza kwa Kiswahili, ni siku ngapi mpaka Luapula. Susi akajibu kwa lugha hiyo hiyo kwamba anadhani ni siku tatu. Wanafunzi wangu, Mskoti aliyekuwa anakufa katikati ya Afrika, na mtu wa Shupanga aliyekuwa kando yake, walikutana katika lugha hii mnayojifunza kuiandika.

Karibu na usiku wa manane alimwita Susi tena amchemshie maji na amshikie mshumaa ili achague dawa. Akamwambia basi, aende akapumzike. Yapata saa 10 alfajiri Majwara alikuja mbio kumwamsha Susi. Alisema anaogopa, hajui kama Bwana yu hai. Susi akawaamsha Chuma na wengine, wakaingia watu 6. Mshumaa ulikuwa bado unawaka juu ya sanduku. Mzee alikuwa amepiga magoti kando ya malalo yake, uso katika mikono juu ya mto. Mmoja akamgusa shavu, likawa baridi. Ilikuwa tarehe 1 Mei 1873. Majwara alikiri kwamba usingizi ulimchukua, kwa hiyo hakujua mzee alikaa vile muda gani. Sidhani kuna mtu aliyewahi kuuguza mgonjwa usiku kucha atakayemlaumu kijana yule.

Sasa ikaja hofu. Walikuwa wageni katika nchi ya watu, na maiti ya mgeni mkononi. Katika vijiji vingi kifo cha namna hiyo kilitozwa faini, au kilileta mashtaka ya uchawi. Wakakubaliana kumficha Chitambo. Lakini watu wawili waliokwenda kununua chakula waliropoka, na Chitambo akaja kwa Chuma moja kwa moja. Akamwuliza kwa nini hawakumwambia kweli. Akasema anajua kwamba bwana wao amekufa, na kwamba waliogopa kumpasha habari, lakini wasiogope tena. Akasema yeye pia amesafiri, amefika pwani zaidi ya mara moja kabla Mazitu hawajaiharibu njia, na anajua kwamba kifo huwapata wasafiri mara nyingi.

Someni sentensi hiyo tena. Hakusema kwamba yeye ni mwema. Alisema yeye pia amesafiri. Alikuwa amelala katika nyumba za watu asiowajua, amekunywa maji ya watu asiowajua. Aliyekuwa mgeni jana alimtambua mgeni wa leo.

Chitambo aliwashauri wamzike hapo hapo. Wao wakasema watamrudisha pwani apelekwe kwao. Alidhani hawataweza, lakini hakuwazuia. Alikuja na watu wake, ngoma na pinde, wakaomboleza kwa desturi yao, na yeye amejifunika nguo nyekundu mabegani.

Kabla ya kitu kingine chochote, Susi na Chuma waliwakusanya watu wote wakafungua masanduku ya marehemu mbele yao. Waliogopa kwamba baadaye watasingiziwa wizi. Jacob Wainwright akaitwa aandike orodha. Huyu naye alikuwa Myao, aliyetolewa katika jahazi la watumwa akiwa mtoto, akasomeshwa huko Nasik katika Bara Hindi. Alikuwa na kalamu, na aliijua. Akaandika kila kitu katika daftari moja ya marehemu: kofia, saa, dira, vyombo vya kupimia. Tena yeye ndiye aliyesoma sala ya maziko, wakati moyo wa Livingstone ulipozikwa chini ya mti mkubwa wa mpundu, na ndiye aliyechonga maandishi katika gome. Kipande cha mti ule chenye maandishi kimehifadhiwa London. Mara nyingi mmeniuliza mtu mzima atafaidi nini kwa kujua kusoma na kuandika. Siku ile karatasi moja ya Jacob iliwakinga watu wapatao 60.

Safari ya kurudi ni hadithi ndefu nami nitaikata. Waliukausha mwili kwa chumvi na jua siku 14, wakauzungushia nguo na gome la mti, wakaubeba. Wengi waliugua, wengine walikufa njiani. Katika kijiji kimoja walipigana na wenyeji, na hilo haliwapendezi watu wa kusifu, lakini lilitokea. Tabora walimkuta Mwingereza, Cameron, aliyewashauri wamzike hapo. Wakakataa. Mbele ya Tabora watu hawakutaka maiti ipite kwao, basi wakaufunga mwili upya kama mzigo wa nguo, na wakatuma watu warudi nyuma na furushi la mabua ya mtama, kama wanaokwenda kumzika. Wenyeji wakaridhika. Mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo.

Pale walilipwa mishahara yao wakaambiwa kazi imekwisha. Mwili ulipelekwa kwa meli, ukazikwa London katika kanisa la Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Katika watu wote wale walioubeba, aliyekuwako maziko hayo ni Jacob Wainwright peke yake, kwa kuwa wamisionari walimlipia nauli. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, kwa fedha za rafiki mmoja wa Livingstone, maziko yamekwisha. Chama cha wanajiografia cha London kilitengeneza nishani 60 kwa ajili ya watu wa msafara, lakini zilipoletwa wengi walikuwa wametawanyika makwao. Chuma alikufa Unguja mwaka 1882, Susi mwaka 1891, na Jacob alikufa Urambo mwaka 1892.

Mtauliza, basi tumezijuaje habari hizi za kitanda na ukuta na saa? Susi na Chuma walipokuwa Uingereza walikaa na mchungaji Horace Waller, rafiki wa marehemu, wakamweleza siku baada ya siku. Yeye akayaweka maelezo yao pamoja na daftari za Livingstone katika kitabu kilichotoka mwaka 1874. Waller alimpenda rafiki yake kupita kiasi, na maneno mengine yasiyomfaa aliyaacha, kwa hiyo tumsome kwa uangalifu. Lakini habari za fito za futi 3 na za mikono iliyofungwa nyuma ya kichwa cha Chuma hakuweza kuzitunga. Hizo ni za watu waliobeba.

Kazi ya nyumbani ni hii. Muulizeni mtu mzee kuliko wote nyumbani kwenu, au jirani, kama aliwahi kusaidiwa njiani na mtu asiyemjua. Ilikuwa wapi, mwaka gani, na mtu yule alifanya nini hasa: alitoa maji, au alibeba mzigo, au alimpa mahali pa kulala? Kama jina la msaidizi linajulikana, liandikeni kwa herufi kubwa mwanzoni mwa mstari. Kama halijulikani, andikeni mahali na siku. Mistari 6 inatosha. Mwalimu atakusanya madaftari juma lijalo, na yatasomwa darasani kwa sauti.

Haya, zimeni taa isiyo na kazi, mafuta ni ghali. Kwaherini.